Baiskeli ya umeme: shughulikia breki na spoku kwanza, spidi baadaye

Wakuu, mtu akishapata baiskeli ya umeme, iwe kaikuta dukani imekamilika au kachukua Phoenix ya nyumbani akaifunga mota kwenye gurudumu, swali lake la kwanza huwa ni spidi, anaiongezaje. Mi nasema spidi iwe ya mwisho kabisa. Baiskeli ya kawaida ina kilo kama 15, ukiweka mota na betri inafika 25 au zaidi, halafu inakimbia muda wote na sio kwenye mteremko tu, sasa breki na magurudumu yaliyotengenezwa kwa ajili ya miguu ya mtu hayakupangiwa kazi hiyo.

Tuanze na breki basi. Kama ni Phoenix au baiskeli nyingine ya zamani yenye zile breki za fito za chuma zinazobana rimu, usiifunge mota kabla hujazibadilisha, maana mvua ikinyesha rimu ya kromu inateleza na unaweza ukabana mpaka vidole viume na baiskeli bado inaenda. Kama ina disiki, toa gurudumu uangalie pedi kwa macho, ile nyama ya pedi ikibaki chini ya milimita 1 badilisha leo sio wiki ijayo. Disiki yenyewe ifute kwa spiriti na kitambaa safi na usiishike kwa vidole vyenye oili, kwa sababu tone dogo tu la oili pedi inalinyonya na hapo kelele haiishi na breki haishiki, utanunua pedi mpya. Ukiwa na hela ya kuboresha kitu kimoja tu, toa disiki ya mbele ya milimita 160 weka ya 180 na adapta yake, uhakikishe kwanza uma wako (ile panda inayoshika gurudumu la mbele) unaruhusu saizi hiyo. Na zile mkono za breki zenye swichi ya kukata umeme usizitupe, ndo zinazozima mota unapobana hata kama ekseleta imenasa.

Sasa gurudumu lenye mota. Hapa ndo watu wanaumia. Ekseli ya mota imechongwa bapa pande mbili ili ikae kwenye mdomo wa fremu isizunguke, na mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli yenyewe inataka kuzunguka kinyume, kwa hiyo nati ikilegea inatafuna mdomo wa fremu, ikitoka hapo inajizungusha na kukata waya zote zinazoingia ndani ya mota. Dawa yake ni mkono wa kuzuia ekseli, kipande cha chuma chenye tundu bapa linalovaa ekseli na upande wa pili kinafungwa kwenye fremu. Seti nyingi zinakuja nacho, watu wanakiacha kwenye boksi wakidhani ni spea! Mchongeshe fundi wa kuchomelea kama hakikuja, chuma kiwe kinene na tundu liikumbatie ekseli bila kucheza. Na mota ya mbele usiifunge kwenye uma wa aluminiamu, ule unapasuka ghafla bila kukuonya, uma wa chuma unavumilia.

Spoku nazo zinalegea sana wiki za mwanzo. Geuza baiskeli miguu juu, chukua bisibisi ugonge spoku moja moja taratibu huku unazungusha gurudumu, iliyokaza inalia kama waya wa gitaa na iliyolegea inatoa sauti butu, hiyo ndo unaikaza kwa ufunguo wa spoku robo mzunguko halafu unagonga tena. Usikaze nyingi za upande mmoja kwa pupa, rimu itapinda. Spoku ikikatika moja usiendelee kuendesha ukasema zimebaki nyingi, mzigo wake unahamia kwa majirani zake nao watakatika.

Cheni sina mengi. Chukua rula, pima kuanzia katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya pini ya 25, cheni mpya inasoma milimita 304.8, ikifika 307 itoe, ukiiacha itakula meno ya friwili na gharama inaongezeka. Upepo wa tairi fuata namba iliyoandikwa ubavuni, tairi laini inamaliza betri haraka kuliko unavyodhani.

Betri. Hapa naomba tusome taratibu kwa sababu ndo kitu ghali kuliko vyote na ndo chenye hatari. Betri ya 36V ndani ina seli 10 zimepangwa mfululizo, kila seli ikijaa ni 4.2V, kwa hiyo ikijaa yote inasoma 42V. Ya 48V ya kawaida ina seli 13, ikijaa inasoma 54.6V. Namba hizo ziandike nyuma ya chaja kwa maka pen, maana chaja ya 48V plagi yake inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye betri ya 36V na hapo unatafuta moto ndani ya nyumba. Betri za lithiamu zikiwaka hazizimiki kirahisi na moshi wake ni sumu, kwa hiyo chajia mahali penye sakafu ya saruji, mbali na godoro na mapazia, na isiwe mlangoni maana ikiwaka ndo njia yako ya kutokea. Usiku mmelala wote usichaji.

Ukitoka juani nayo iache ipoe kwanza ndo uchomeke. Nyumba za bati mchana ni tanuri, usiiache humo imejaa asilimia mia, seli zinazeeka kwa joto na kwa kukaa zimejaa. Matumizi ya kila siku ishia kama asilimia 80 au 90, na ukisafiri mwezi mzima iache nusu, yaani kama 37V au 38V kwa ile ya seli 10, halafu mwambie mtu wa nyumbani aicheki. Usiiache imeisha kabisa ikakaa, ndo wengi wanarudi wanakuta haichaji tena. Ikivimba, ikitoa harufu au ikianguka vibaya ikapondeka, itoe nje ya nyumba na usiifungue mwenyewe.

Gharama ya umeme isikutishe: betri ya 36V yenye 10Ah, 36 mara 10 ni 360Wh, na uniti moja ni 1000Wh, kwa hiyo hata ukihesabu na unaopotea kwenye chaja bado haifiki nusu uniti ya LUKU, na kwa barabara tambarare hiyo inakupeleka kilomita 25 hadi 35 ukiwa unasaidia na pedeli.

Kwa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar adui mkubwa ni chumvi ya hewani. Fungua kila kiungio cha waya, angalia ndani, ukiona ukijani kwenye pini hiyo ni kutu ya shaba, safisha kwa spiriti na mswaki mkavu, paka grisi ya silikoni kidogo ndo ufunge. Waya zinazoingia kwenye mota ziache zining'inie kidogo chini ya tundu zinapoingilia ndo zipande, hivyo maji yanadondokea pale chini badala ya kufuata waya mpaka ndani. Na jamani car wash na ile mashine ya presha usimpe baiskeli hii, ndoo na kitambaa vinatosha.

Haya, kama yote hayo yako sawa, sasa tuongelee nguvu. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kontrola (kile kiboksi kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota) ya ampea nyingi: 36V kwa 15A ni wati 540, kwa 22A ni karibu 790, utaisikia kwenye kilima. Lakini soma kwanza betri yako inatoa ampea ngapi mfululizo, kama mwisho wake ni 20 na kontrola inavuta 22 au 25, betri itajizima katikati ya mpando na gari liko nyuma yako. Njia ya pili ni kupandisha volti toka 36 kwenda 48, hii ndo inaongeza spidi, na hapa fungua kontrola uangalie kapasita, vile vikopo vidogo vyenye maandishi ubavuni. Vikiwa vimeandikwa 50V usijaribu, maana betri ya 48V ikijaa ni 54.6V na vitapasuka. Vikiandikwa 63V unaweza kuendelea, mradi na kontrola yenyewe imeandikwa kwamba inakubali 48V. Baada ya hapo endesha dakika chache, simama, gusa mota kwa mkono, ikiwa huwezi kuushikilia pale basi umeizidishia mzigo, punguza.

Ikitokea mota inatetemeka papo hapo bila kuzunguka usikimbilie kununua nyingine. Zima betri kwanza, kagua waya tatu nene za njano, kijani na bluu, mara nyingi moja imelegea au plastiki ya kiungio imeyeyuka kwa joto. Zikiwa nzima hamia kwenye zile tano nyembamba za sensa inayoiambia kontrola mota imefika wapi kwenye mzunguko, vuta kila moja taratibu uone kama haijachomoka kwenye pini. Ikiwa inazunguka ila inasaga kwa kelele, na ni mota ndogo yenye gia ndani, hizo ni gia za plastiki zimeisha meno, zinauzwa tatu tatu na zinabadilishika nyumbani, ila nenda na ile ya zamani mkononi dukani uhesabu meno kabla hujalipa.