Viazi vya Uyole baharini: kutibu makosa ya GDAL kwenye Ubuntu

Mara ya kwanza nilipochora ramani ya mashamba ya viazi ya Uyole, Mbeya, kwa Python, pointi zote ziliangukia bahari ya Atlantiki, mbele kidogo ya pwani ya Morocco. Kabla ya hapo nilikuwa nimemaliza bando zima nikipambana na GDAL, maktaba ya kusoma na kubadilisha data za ramani, iliyogoma kusakinishwa. Nitaanza na mgomo huo kwa sababu ndio utakaokutana nao kwanza, lakini usiishie hapo. Hasara kubwa iko hatua ya nne.

Natumia Ubuntu 24.04.

Hatua ya 1: Soma kosa kutoka juu

Pip, kisakinishi cha Python, ikishindwa humwaga ukurasa mzima wa maandishi, na mstari wa mwisho hausemi kitu. Panda hadi kwenye kosa la kwanza kabisa. Ukikuta gdal-config haipatikani, jua hivi: GDAL yenyewe ni programu ya C++, na unachopakua kwa pip ni daraja tu la kuifikia kutoka Python, linalojengwa palepale kwenye mashine yako. Kwa hiyo leta vifaa vya ujenzi:

`sudo apt install build-essential python3-dev python3-venv libgdal-dev gdal-bin`

Kosa la Python.h nalo linaisha hapohapo.

Hatua ya 2: Linganisha matoleo

`gdal-config --version`

Kwangu inajibu 3.8.4. Pip ukiiacha huru huchukua toleo jipya kuliko yote, kisha inalalamika kwamba libgdal yako (ile GDAL ya C++ iliyoletwa na apt) imepitwa. Wengi hukimbilia kuongeza hazina za nje kwenye apt ili wapate libgdal mpya. Mimi siwashauri. QGIS, programu ya kuchora ramani, nayo hutegemea libgdal hiyohiyo, usishangae kesho ikikataa kufunguka. Afadhali uteremshe toleo la lile daraja la Python lilingane na libgdal uliyonayo:

```
python3 -m venv mazingira
source mazingira/bin/activate
pip install "numpy<2" setuptools wheel
pip install --no-cache-dir --no-build-isolation GDAL==3.8.4
```

Numpy, maktaba ya hesabu za Python, lazima itangulie. GDAL ikijengwa bila kuiona, usakinishaji unakamilika vizuri tu, unafurahi, halafu siku ya kusoma picha ya setilaiti unaambiwa _gdal_array haipo. Ukisakinisha upya, pip inakupashia kiporo, maana ilihifadhi jengo lile bovu. Ndiyo kazi ya `--no-cache-dir`. Aliyekwisha kukosea aongeze `--force-reinstall --no-deps`.

Hatua ya 3: Ilazimishe ipige kelele

```
from osgeo import gdal, osr
gdal.UseExceptions()
```

Bila mstari huo, gdal.Open ikikosa faili huandika ujumbe tu na kurudisha None bila kusimama, na programu inaanguka mbele huko ikidai NoneType haina GetRasterBand. Utahangaika na bendi za picha, kumbe umekosea herufi moja ya jina la faili.

Hatua ya 4: Kosa lisilosema

Tangu GDAL 3.0 ya mwaka 2019, EPSG:4326, namba ya mfumo wa kawaida wa latitudo na longitudo (WGS 84), hufuata mpangilio wake rasmi: latitudo kwanza. Skripti nyingi za zamani, yangu ikiwemo, hutanguliza longitudo. Uyole iko karibu na latitudo -8.9 na longitudo 33.5. Zigeuze: 33.5 kaskazini, 8.9 magharibi. Ndiyo hiyo bahari ya Morocco! Hakuna onyo lolote, kwa sababu namba zote mbili ni halali.

```
wgs = osr.SpatialReference()
wgs.ImportFromEPSG(4326)
wgs.SetAxisMappingStrategy(osr.OAMS_TRADITIONAL_GIS_ORDER)
utm = osr.SpatialReference()
utm.ImportFromEPSG(32736)
t = osr.CoordinateTransformation(wgs, utm)
print(t.TransformPoint(33.5, -8.9))
```

32736 ni UTM, mfumo wa kupima mahali kwa mita, kanda ya 36 kusini. Inatosha Mbeya, Njombe na Iringa mjini. Ukiteremka hadi Ruaha Mbuyuni umeshavuka nyuzi 36 mashariki, hivyo tumia 32737.

Jibu la Uyole liwe karibu na 555,000 na 9,016,000. Likija tofauti sana na hapo, usiguse pip wala apt. Rudi kwenye mstari wa SetAxisMappingStrategy, kisha uangalie ni namba gani umeitanguliza.