Vihusishi vya Kiholanzi: kinachokwamisha ni kijineno er

Nimeandika haya baada ya kumsaidia dada mmoja anayejiandaa na mtihani wa Kiholanzi. Kwanza, tupa ile orodha ya op = juu, in = ndani. Itakufaa kitabu kikiwa op tafel. Ukifika op school (shuleni), aan zee (kando ya bahari) na in bed (kitandani), itakuacha njiani.

Hatua ya 1: Wakati
Saa ni om, siku ni op, mwezi na mwaka ni in: om acht uur (saa mbili yetu), op maandag, in mei, in 2019. Basi.

Hatua ya 2: Kariri kitenzi na kihusishi chake
Sisi tunakimezesha ndani ya kitenzi: andikia, ngojea. Mholanzi hukiacha nje, na hakibashiriki: wachten op (kungoja), denken aan (kufikiria), luisteren naar (kusikiliza), houden van (kupenda). Programu za simu siziamini kwa kazi hii. Chukua daftari, andika sentensi nzima kwa mkono.

Hatua ya 3: Er
Yule dada aliandika "Ik wacht op het", akikusudia "nalingoja", yaani basi la abiria. Hapana. Mtu anabaki na kiwakilishi chake: Ik wacht op haar (namngoja yeye). Kitu kinageuka er, kinatangulia kihusishi: Ik wacht erop. Met (pamoja na) hapo huwa mee (ermee), tot (hadi) huwa toe (ertoe).

Kisha er na kihusishi vinaachana. Ik wacht er al een uur op (nalingoja kwa saa nzima sasa): er imebaki jirani na kitenzi, op imesukumwa mwisho. Ukileta wakati uliopita, op inakaa kabla ya gewacht: Ik heb er een uur op gewacht. Kwa hiyo ukimsikiliza Mholanzi, usikate tamaa katikati ya sentensi; nusu ya maana bado inakuja.

Swali nalo hugawanyika: Waar wacht je op? kwa kitu, Op wie wacht je? kwa mtu. Mitaani utasikia waar hata kwa watu, ila kwenye mtihani andika op wie.

Angalia naar. Kusikiliza ni ernaar, lakini kwenda mahali ni erheen au ernaartoe. Zonder (bila) kwa kawaida haishikani na er.

Hatua ya 4: Kihusishi nyuma ya nomino
Ik loop in het bos: uko msituni, unatembea humo. Ik loop het bos in: ulikuwa nje, sasa unaingia.