Jinsi ya kuwa fundi wa kutunza miti ukiwa Kisumu, kutoka chini hadi juu ya kamba

Vijana wengi wa Kondele, Nyalenda na hata Kakamega wananiuliza hii kazi ya miti mtu huingia aje na kozi yake iko wapi. Nitaeleza vile ninavyowafundisha wale wanaokuja kufanya kazi na mimi. Lakini kwanza tuelewane kitu kimoja, hapa kwetu ukisema wewe ni fundi wa miti mtu anajua unaangusha miti, anakupigia simu akitaka mti utoke. Kazi ninayoongelea mimi ni ya kufanya mti ubaki umesimama, usiangukie mtu, usivunje mabati, na uendelee kuishi. Kuangusha kuko pia lakini kunakuja mwisho. Ukijifunza kwa huo mpangilio utakuwa fundi, ukianza na pawa soo, ule msumeno wa injini, utakuwa mkataji, na wakataji wako kila kona ya town.

Hatua ya 1: Jua miti kwa majina na tabia

Usinunue kitu chochote bado. Tembea Milimani asubuhi na kidaftari, angalia jakaranda, mwarobaini, grevilea, ashoki za kwa fensi, Nandi fleimu, halafu ile mikubwa ya zamani, ng'owo, ober, mvule. Jua jina la Kiluo au la Kiluhya kwa sababu mwenye boma atakwambia "angalia ile siala yangu" na usipoijua ashaanza kukutilia shaka, na jua pia jina la kisayansi kwa sababu vitabu vyote na watu wa nasari wanatumia hilo. Siala ni Markhamia lutea, ober ni Albizia coriaria, ng'owo ni Ficus sycomorus.

Jina bila tabia halikusaidii sana. Nandi fleimu mbao yake ni laini na inavunjika haraka, ukiwa juu yake usiamini tawi kwa sababu tu ni nene. Blugamu inaweza kuangusha tawi zito siku haina upepo kabisa. Miti ya familia ya ng'owo ina maziwa ukiikata na mizizi yake inaenda mbali, na wazee wengi hawataki iguswe, kwa hivyo ongea na wenyewe kwanza. Hiyo heshima si ya kijijini peke yake, ule mugumo wa Waiyaki Way kule Nairobi, nao wa familia hiyo hiyo, ulitakiwa utoke mwaka wa 2020 barabara ya ekspreswei ikijengwa, watu wakapinga, ukaachwa.

Ukitaka mwalimu wa majina nenda msitu wa Kakamega, upande wa Isecheno ama Buyangu, utembee na mwongoza wageni wa pale. Wanajua miti kwa gome tu, hawahitaji kuona jani. KEFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa misitu, nao wana kituo Maseno. Kila mti unaouandika pima unene wake, yaani upana wa shina si mzunguko, kwa urefu wa mita 1.3 kutoka chini, hapo ndipo watu wa misitu hupima.

Hatua ya 2: Elewa vile mti unajikinga

Hapa ndio watu huruka na hapa ndio kazi yote iko. Kidonda cha mti hakiponi. Sisi ngozi inajirudisha, mti hauna hiyo, mti unachofanya ni kuzungushia ile sehemu iliyoumia ukuta ndani ya mbao ili uozo usisambae, halafu unaota mbao mpya juu yake mwaka baada ya mwaka mpaka kidonda kifunikwe. Mtu aliyetuonyesha hii vizuri ni Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa urefu aone ndani kunaendaje, na mwaka wa 1977 akatoa maelezo ya hizo kuta ambayo mpaka leo yanafundishwa kila mahali kwa jina la CODIT.

Kwa hivyo kila ukigusa mti na msumeno unaupa kazi ya maisha. Swali la kujiuliza kabla ya kukata ni kama mti utaweza kufunga hicho kidonda ama hautaweza.

Hatua ya 3: Pogoa ukiwa chini

Nunua msumeno wa mkono wenye meno makali na sekatea, basi. Tafuta mti mdogo, mwembe wa nyanya yako uko sawa. Angalia pale tawi linatokea kwa shina, utaona uvimbe umezunguka mwanzo wa tawi kama kola ya shati. Hiyo kola ni sehemu ya shina, si ya tawi, na ndani yake ndiko ile kinga iko. Ukikata sawasawa na shina umeiondoa, na uozo unaingia mpaka katikati. Ukiacha kijiti kirefu pia mti hauwezi kukifunika, kinakauka na kuoza kuelekea ndani. Unakata nje tu ya kola, bila kuigusa.

Tawi zito linakatwa mara tatu. Mkato wa kwanza unakata kutoka chini ya tawi, sentimita 30 hivi kutoka kwa shina, uingie kama theluthi moja ama chini ya hapo, uache kabla msumeno haujabanwa. Wa pili unakata kutoka juu, sogea mbele kidogo kwenda nje, tawi litakatika na kuanguka bila kuvuta gome. Wa tatu ni ule wa kwa kola kumalizia kile kijiti, na hapo huna uzito wa kukusumbua. Ukiruka ule wa chini tawi litaanguka likiwa limeshika gome na litachana shina mpaka chini, hicho kidonda kinaweza kuwa mwanzo wa mwisho wa huo mti.

Usipake rangi, lami wala oili chafu. Najua kila mtu hupaka, hata fundi wa zamani atakwambia, lakini haizuii uozo, na saa zingine inafungia unyevu ndani. Ukitoka kwa mti mgonjwa pangusa msumeno na spiriti ndio usibebee mwingine ugonjwa.

Na usitoe zaidi ya robo ya majani kwa mwaka mmoja, mti mzee hata hiyo robo ni mingi. Majani ndiyo jikoni yake. Ile tabia ya kukata kichwa chote cha mti ubaki nguzo naichukia kabisa na nitaisema kila mahali, mwenye nyumba anaona umekuwa salama, kumbe ule mti unatoa machipukizi mengi kwa hofu ya njaa, yameshikilia gome la juu tu, na baada ya miaka michache ni matawi mazito yasiyo na msingi juu ya mbao inayooza. Umemuuzia hatari.

Kaa hatua hii muda mrefu. Mkono ukizoea kola utaiona hata ukiwa juu umechoka.

Hatua ya 4: Kamba

Hapa tafuta mtu anayejua akusimamie, usijifundishe na video peke yako.

Kamba ya kupandia watu ni ya kazi hiyo, unene wa milimita 11 mpaka 13, na isiwe inakatika chini ya kilo 2,400. Ile ya katani ama ya nailoni ya Kibuye ifanye kazi ya kuteremsha matawi madogo, mwili wa mtu usiingie hapo. Hanesi iwe ya kukalia, yenye mikanda ya miguu, helmeti ifungwe kidevuni. Kifaa kinachobeba maisha yako usinunue mitumba, kamba inaweza kuwa imemwagiwa asidi ya betri na usione chochote kwa macho.

Mafundo ya kuanza nayo ni boulaini, fundo la nane, Prusik na Blake. Yafunge ukiwa umekaa nyumbani, halafu gizani, halafu na glavu, kwa sababu siku moja utayafunga mvua ikianza. Ukishaweza, ning'inia mita moja kutoka chini na ukae hapo ukipanda na kushuka mpaka mwili uamini kamba. Baadaye ndio unaenda juu.

Pale unapotundika kamba pawe kwa shina ama panda ya tawi hai, unene usipungue sentimita 10, na kabla ya kupanda mning'inie watu wawili pale chini mjaribu. Ukiwa juu na msumeno wowote lazima uwe umeshikwa mara mbili, kamba yako na ule mkanda wa kiunoni unaozunguka shina, ili ukikata moja kwa bahati mbaya nyingine ikushike. Zile spaiki za miguuni zinatoboa gome kila hatua, tumia kwa mti unaoangushwa peke yake, kamwe usipandie mti unaobaki.

Angalia nyuki kabla ya chochote. Miti ya huku ina mashimo na mashimo yana nyuki, na mtu aliyefungwa kwa kamba hawezi kukimbia. Ukiwaona ita mfugaji awahamishe.

Radi nayo, watu wa Kisumu na Kakamega mnajua wenyewe jinsi mvua ya jioni inavyokuja. Ukisikia ngurumo shuka, ngoja dakika 30 baada ya ile ya mwisho. Kastoma akilalamika mwache alalamike.

Stima: kama tawi liko karibu na waya, kaa mbali angalau mita 3, na usidhani waya ni salama kwa sababu uko ndani ya majani, tawi bichi linapitisha umeme. Piga Kenya Power 97771 wazime ama wakate wenyewe.

Hatua ya 5: Pawa soo, chini kwanza

Jifunze kukata nayo magogo yaliyolala. Mafuta ya tu-stroki kama ni ya 50 kwa 1 ni mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Iwashe ikiwa chini, breki imefungwa, mguu umekanyaga mshikio. Ile robo ya juu ya ncha ya baa, kile chuma kirefu kinachozungukwa na cheni, ndiyo hurusha pawa usoni, usiiguse kwa mbao. Usikate juu ya bega, usikate na mkono mmoja. Ikianza kutoa vumbi badala ya vipande, cheni imekuwa butu, inoe.

Kuangusha: kata mdomo upande unaotaka mti uende, uingie robo ya unene ama chini kidogo, halafu nyuma ukate ukiacha mbao ya bawaba kama sehemu moja ya kumi ya unene. Hiyo bawaba ndiyo inaongoza mti, ukiikata yote mti unaamua wenyewe. Njia ya kukimbia iwe imesafishwa kabla, kwa nyuma na kwa pembe, na watu wengine wakae mbali mara mbili ya urefu wa mti.

Hatua ya 6: Kusoma hatari

Hii ndio itakulisha ukiwa na miaka 50 na magoti hayapandi tena. Anzia chini. Uyoga mgumu ulioota kwa shina karibu na udongo unamaanisha kuna uozo ndani, hata kama juu kumejaa majani. Gonga shina na nyundo ya mbao usikie penye sauti ya tupu. Angalia udongo uliopasuka upande mmoja, mti ulioanza kuinama juzi, panda iliyobana gome katikati.

Uliza nani alichimba. Mizizi mingi iko kwa sentimita 60 za juu za udongo, na inapita mbali kuliko kivuli, kwa hivyo mtaro wa bomba ama wa faiba ukipita karibu na shina mti umekatwa miguu na utaanguka msimu wa mvua baadaye, watu waseme ni upepo. Kipimo cha haraka, zidisha unene wa shina mara 12, huo ndio umbali wa kulinda kila upande. Shina la sentimita 50 linataka mita 6 bila kuchimba, bila kabro, bila lori la mchanga kupaki hapo.

Hatua ya 7: Makaratasi

Kenya Forestry College iko Londiani, ina cheti na diploma, na Chuo Kikuu cha Eldoret kina digrii ya misitu. Ni kozi nzuri lakini zinakufundisha msitu zaidi ya mti mmoja ulio juu ya paa la mtu, kwa hivyo kamba na pawa bado utajifunza kwa fundi. Cheti cha kimataifa kinachojulikana ni cha ISA, chama cha kimataifa cha mafundi wa miti, kinataka uwe umefanya kazi miaka 3, ama masomo yanayohusiana pamoja na kazi, halafu mtihani. Kwa hivyo weka rekodi ya kila kazi kuanzia leo, picha kabla na baada, aina ya mti, ulichofanya. Fest eidi chukua Red Cross ama St John mapema kabisa, na timu yote ichukue.

Ukiandika watu, sheria ya WIBA ya 2007, ile ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, inataka uwe na bima yao. Mti wa kando ya barabara si wa mwenye duka aliye mbele yake, nenda kaunti upate ruhusa ya maandishi.

Hatua ya 8: Kastoma wa kwanza

Atakwambia "kata yote, majani yananisumbua." Usibishane. Zunguka mti pamoja naye, mwonyeshe tawi moja ama mawili yaliyo juu ya mabati, mwambie, "Mama, haya mawili nitayatoa leo, yale makavu pia, kivuli kinabaki, na mwaka ujao nitapita niangalie." Mwandikie bei ya hiyo kazi na bei ya kuangusha kando, ikiwa na gharama ya kung'oa kisiki na ya gari la kubeba takataka. Halafu mpe muda afikirie.