Somo: Mkakati wa akili mnemba kwenye SACCOS, bodi ianzie wapi

Wakuu, salaam. Somo hili ni la wajumbe wa bodi na mameneja wa SACCOS (vyama vya ushirika wa akiba na mikopo) ambao kila kikao wanaulizwa, "Na sisi tunaanza lini?" Tunazungumzia akili mnemba (AI) inayotunga maandishi: ChatGPT, Gemini, Copilot, Claude na wenzao. Tumechukua SACCOS kwa sababu kazi yake karibu yote ni maandishi na hesabu, tena taarifa inazozishika ni za fedha za watu.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Mkakati wa kupitishwa na bodi ni waraka wa kurasa tatu hivi unaosema kazi zipi zinaingia, taarifa zipi haziingii kamwe, na nani anaweka saini chini ya kinachotoka. Jina la programu linakuja mwisho. Ukianza na leseni, utakuja kuzitafutia kazi baadaye, na fedha ya wanachama itakuwa imeshatoka.

Hatua ya 1: Jua kinachotumika sasa hivi

Usidhani ofisi yako bado haijaanza. Watumishi wanazo programu hizi kwenye simu zao. Meneja aulize kila mmoja mambo matatu: unatumia programu gani, kwa kazi gani, na unabandika nini ndani yake. Atangaze wazi kuwa hakuna atakayeadhibiwa kwa kusema, la sivyo atapata majibu ya kumfurahisha bosi. Mwaka 2023 Samsung iligundua kuwa wahandisi wake walibandika kwenye ChatGPT msimbo wa programu (source code) ambao ni siri ya kampuni, ikaishia kupiga marufuku. Marufuku peke yake, bila kumpa mtumishi njia nyingine, huhamishia tu kazi kwenye simu binafsi ambako huoni kitu.

Hatua ya 2: Chagua kazi mbili tu

Kazi inayofaa kuanzia ina sifa nne: ni ya maandishi, inajirudia kila wiki, yupo mtu anayeijua vizuri wa kuikagua, na kosa lake linaweza kukamatwa kabla halijatoka nje ya ofisi. Rasimu za barua kwa wanachama zinafaa. Kufupisha nyaraka ndefu za mdhibiti, yaani mamlaka inayosimamia SACCOS, kwa ajili ya bodi kunafaa. Kuidhinisha mkopo hakufai, kazi hiyo ibaki kwa Kamati ya Mikopo. Na hesabu za marejesho hazifai kabisa.

Hapo kwenye hesabu tukae kidogo. Chukua mkopo wa shilingi 6,000,000, miezi 12, riba asilimia 1 kwa mwezi. Kama riba inatozwa kwenye mkopo wote tangu mwanzo, jumla ya riba ni 720,000. Kama inatozwa kwenye salio linalopungua, na mkopaji anarejesha 500,000 ya mkopo kila mwezi, mwezi wa kwanza riba ni 60,000, wa pili 55,000, inashuka hivyo hivyo hadi 5,000, na jumla yake ni 390,000. Tofauti ni 330,000. Programu isipoambiwa utaratibu wenu itachagua mmoja bila kukuuliza, na barua itasomeka kwa ufasaha uleule iwe imepatia au imekosea. Kwa hiyo weka kanuni: tarakimu zote zitoke kwenye mfumo wenu wa mikopo, programu ipange maneno tu.

Kabla ya kugusa chochote, pima hali ilivyo. Chukua kazi 30 zilizofanywa kwa njia ya kawaida, andika kila moja ilichukua dakika ngapi na ngapi zilirudishwa kwa makosa. Bila hiyo, baada ya miezi miwili mtabaki kubishana kwa hisia.

Hatua ya 3: Gawa taarifa katika mafungu matatu

Fungu la kwanza ni za wazi: masharti yaliyochapishwa (yaani kanuni za SACCOS yenu), matangazo, fomu tupu. Hizi ruksa. La pili ni za ndani zisizomtaja mwanachama: rasimu za sera, taratibu za kazi. Hizi ziingie kwenye akaunti ya ofisi tu, ambayo mkataba wake unasema maandishi yenu hayatatumika kufundishia programu. La tatu ni za mwanachama: jina, namba ya uanachama, mshahara, salio, mdhamini. Hizi haziingii.

Kufuta jina hakutoshi. "Mwalimu mkuu wa shule fulani, mkopo wa milioni 9, mdhamini ni mkewe": hapo hakuna jina, lakini kila mtu wa mtaa ule anamjua. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inagusa pia usafirishaji wa taarifa binafsi kwenda nje ya nchi. Ukibandika kwenye programu ambayo kompyuta zake ziko nje, umesafirisha.

Hatua ya 4: Weka majina

Bodi inapitisha, meneja anatekeleza, na kila kazi ina mwenyewe mmoja anayesoma kila neno kabla halijatoka. Kamati ya Usimamizi ichukue sampuli, tuseme barua 10 kila mwezi, izilinganishe na masharti.

Hatua ya 5: Jaribio la wiki nane

Watu watano au sita, si ofisi nzima. Wiki mbili za kwanza ni za kutengeneza mtihani. Andikeni maswali 50 ambayo wanachama huuliza kweli, kwa lugha yao, pamoja na makosa yao ya tahajia, na jibu sahihi kwa kila swali kutoka kwenye masharti yenu. Kumi kati ya hayo yawe ya kutega, yaani masharti hayana jibu. Programu ikijibu kwa uhakika swali lisilo na jibu, umeona udhaifu wake mkubwa: hutunga pale inapokosa.

Sehemu nyingine inayoangusha ni hisa, akiba na amana. Mwanachama anaandika "nataka kutoa hisa zangu nilipe ada." Programu isiyopewa masharti yenu hujibu kama vile hisa ni fedha ya kutoa wakati wowote, kumbe sivyo. Weka angalau maswali matano ya aina hiyo.

Sahihisheni kwa alama tatu: sahihi, ina kasoro, kosa la hatari. Kosa la hatari ni lile ambalo likimfikia mwanachama litampotezea fedha au haki. Kiwango tunachopendekeza cha kuvuka ni sahihi 45 kati ya 50, na makosa ya hatari sifuri. Ikishindwa, mara nyingi tatizo ni maagizo: bandika kifungu chenyewe cha masharti, iambie ijibu kwa kifungu hicho tu na itaje namba yake, na isipokipata iseme haijui. Kisha mkaguzi afungue kifungu na kukisoma, kwa maana namba nayo inaweza kutungwa. Mwaka 2023 mawakili huko New York, kwenye kesi ya Mata dhidi ya Avianca, walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilizibuni.

Utunzeni mtihani huo. Wauzaji hubadilisha matoleo, na maagizo yaliyofanya kazi Januari yanaweza kuleta kingine Juni. Rudieni kila toleo linapobadilika.

Hatua ya 6: Hesabu faida baada ya kutoa muda wa ukaguzi

Barua ilikuwa dakika 40. Sasa rasimu ni dakika 5, ukaguzi 20. Faida ni dakika 15, wala si 35. Kwa barua 60 kwa mwezi ni saa 15. Weka saa hizo mkabala na leseni, bando na mafunzo. Kumbuka leseni nyingi hulipwa kwa dola, na huduma zinazotoza kwa tokeni (vipande vya maneno) huwa ghali zaidi kwa Kiswahili, kwa kuwa maneno yetu hukatwa vipande vingi kuliko ya Kiingereza.

Hatua ya 7: Andika lini mtasimama

Kosa moja la hatari likimfikia mwanachama, kazi hiyo inasimama siku hiyohiyo hadi meneja atoe taarifa kwa bodi. Mpeni mamlaka hayo hata karani, asisubiri kikao.

MASWALI YA WASOMAJI

Shikamooni walimu. Sisi ni SACCOS ndogo, watumishi watatu, hatuna mtu wa TEHAMA. Haya yote tutayaweza?

Marahaba. Punguzeni: kazi moja, leseni moja, maswali 20. Hatua ya 3 msiipunguze hata kidogo. Mtaalamu wa TEHAMA si wa lazima kwa kuanzia, anayehitajika ni mtu anayeyajua masharti yenu kichwani.

Kuna muuzaji anataka kutuwekea chatboti ya WhatsApp iwajibu wanachama moja kwa moja. Tukubali?

Kwa mwaka wa kwanza, hapana. Hapo mkaguzi ameondolewa katikati. Februari 2024, huko Kanada, baraza la usuluhishi la British Columbia liliamuru Air Canada imlipe abiria aliyepotoshwa na chatboti yake kuhusu nauli ya msiba. Kampuni ilijitetea kuwa chatboti inawajibika yenyewe, utetezi ukakataliwa. Mkija kukubali baadaye, isiunganishwe na mfumo wa mikopo: mtu anaweza kuiandikia maagizo ya ujanja ikatoa kisichopaswa kutoka. Na neno "naomba mtu" limpeleke mwanachama kwa mtumishi papo hapo.

Watumishi wangu wanaogopa kupunguzwa. Nifanyeje?

Wana haki ya kuogopa mpaka waelezwe. Bodi iandike kabla ya jaribio kwamba saa zitakazookolewa zitakwenda wapi, kwa mfano kufuatilia mikopo chechefu (isiyorejeshwa kwa wakati) au kuwatembelea wanachama waliokaa kimya. Kama bodi inawaza kweli kupunguza watu, iseme. Mtumishi anayeficha anachojua ataharibu mtihani wako wote, kwa sababu yeye ndiye mwenye majibu sahihi.

Niko Nakuru. Haya yanatuhusu Kenya?

Hatua ni zilezile, sheria ndiyo tofauti. Kwenu ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na msimamizi ni Kamishna wa Ulinzi wa Data. Taarifa za wanachama zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, Kamishna ajulishwe ndani ya saa 72. Saa hizo hazitoshi kuanza kuulizana nani alibandika nini, hivyo anzeni leo daftari la matumizi: tarehe, mtumishi, kazi, fungu la taarifa.

Je, tunaweza kurekodi kikao cha bodi programu iandike muhtasari?

Wajumbe wote wakubali kwanza, na iwe kwenye akaunti ya ofisi. Ajenda ya mikopo ya watu izimwe kinasa. Tegemeeni majina kukosewa na sentensi zinazochanganya Kiswahili na Kiingereza kuvurugika. Hatari kubwa iko kwenye maazimio: pendekezo la mjumbe mmoja huandikwa kana kwamba kikao kimeliazimia. Katibu aandike maazimio kwa mkono wakati wa kikao, kisha alinganishe, na penye tofauti daftari lake ndilo linalofuatwa.