Jinsi ya Kumtambua Mpiga Jazi kwa Sauti Yake

Ukitaka kuielewa jazi, anza na wapigaji wake. Wimbo mmoja ukipigwa na watu wawili, kila mmoja na saksafoni ya aina ileile, hutoka na sura mbili zisizofanana hata kidogo. Muziki huu ulizaliwa New Orleans, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, mikononi mwa Wamarekani Weusi, na hadi leo swali la kwanza kwa mpigaji ni lile lile: je, ana sauti yake?

Tafuta visikilizio vya masikioni na rekodi ya "So What" ya mpiga tarumbeta Miles Davis, iliyorekodiwa New York mwaka 1959. Spika ya simu haifai. Uzi mnene zaidi wa besi kubwa ya kusimama hutoa mitetemo kama 41 kwa sekunde, na spika ndogo haiwezi kuifikia. Utasikia vidole vikigusa nyuzi tu, na bila besi huwezi kujua muziki unaelekea wapi.

Mara ya kwanza, sikiliza mapigo peke yake. Hesabu 1, 2, 3, 4 ukifuata besi, inayotembea noti moja kwa kila pigo solo, yaani zamu za mpigaji mmoja mmoja, zinapoanza. Piga makofi kwenye 2 na 4, pamoja na matoazi mawili madogo ambayo mpiga ngoma huyafunga kwa mguu: "chi!" Ukipiga kwenye 1 na 3 muziki utakuwa mzito kama gwaride, na hilo ndilo kosa la karibu kila anayeanza. Sasa gawa kila pigo sehemu tatu sawa, gonga ya kwanza na ya tatu, ya katikati iache kimya. Huo mwendo wa kuchechemea ndio swingi. Kadiri wimbo unavyokwenda kasi ndivyo noti zinavyokaribia kulingana, kwa hiyo usiseme "hii si jazi" kwa sababu tu hukusikia kuchechemea. Tena iko jazi nzuri isiyo na swingi kabisa.

Mara ya pili, fuata umbo. Ukiita kila mapigo manne kipimo kimoja, mzunguko una vipimo 32: vinane vya mwanzo, vinane vilevile tena, vinane vilivyopandishwa nusu sauti (hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za piano), halafu vinane vya mwanzo. Mzunguko mpya huanza palepale ulipoishia wa zamani, ndiyo maana hupita vipimo 24 mfululizo bila badiliko lolote. Hapo ndipo watu wengi hupotea. Usihangaike kurudi kuhesabu tangu mwanzo. Ngoja sauti ipande. Ikishuka, zimebaki 8 mzunguko uishe. Davis, John Coltrane na Cannonball Adderley kila mmoja anapiga mizunguko miwili, kwa hiyo mpigaji mpya huingia vipimo kama 8 baada ya mpando wa pili kushuka. Ukiweza kumtegea kabla hajaingia, umeshaelewa kubuni papo hapo ni nini: umbo halisogei, ila kinachopigwa juu yake kinatungwa wakati uleule.

Sasa wapigaji wenyewe. Kwa kila mmoja jiulize maswali matatu: noti inaanzaje, inashikiliwaje, inaishaje? Davis anaingia kwenye dakika ya kwanza na nusu hivi, toazi likiwa bado linavuma. Anaanza noti kwa ulaini, anaishikilia bila kuitikisa, yaani bila sauti kuyumbayumba, kisha ananyamaza. Sikiliza huo ukimya wake. Ni sehemu ya solo. Katika rekodi nyingine utamkuta na kizibo cha chuma kwenye mdomo mpana wa tarumbeta, sauti inakotokea, karibu kabisa na maikrofoni, sauti ikawa nyembamba kama mtu anayekunong'oneza.

Coltrane anafuata na saksafoni iitwayo "tena", kisha Adderley na ile iitwayo "alto". Saksafoni ya tena ni kubwa na ya sauti ya chini zaidi, lakini wengi huwachanganya wawili hawa, kwa sababu Coltrane anapenda kupanda juu kabisa ya ala yake. Basi usiamue kwa jinsi sauti ilivyo juu au chini. Coltrane ni mkavu na mnyoofu, noti zake zinatoka kwa mafungu, moja ikiisukuma nyingine. Adderley ni mviringo na mchangamfu: anazipinda noti, anateleza kuzifikia, na ladha ya bluzi, muziki wa Wamarekani Weusi ulioilea jazi, imo karibu kila sentensi.

Baada ya hapo mlinganishe Coleman Hawkins na Lester Young, wote wapiga saksafoni ya tena. Katika "Body and Soul" ya 1939 Hawkins anaiacha melodi karibu tangu mwanzo na kubuni kwa takriban dakika tatu, kwa sauti nzito inayotikiswa kwa upana. Young ni mwepesi, hatikisi sana, kana kwamba hana haraka na pigo. Ongeza Ben Webster kwenye nyimbo za polepole, usikilize mwisho wa noti: sauti inakwisha, pumzi inabaki ikipita kwenye mrija. Hilo peke yake linatosha kumtaja.

Kwenye piano noti haiwezi kutikiswa wala kupindwa, kwa hiyo tega sikio kwenye mguso na nafasi. Bill Evans, anayepiga solo baada ya Adderley, hutandaza noti kadhaa kwa pamoja, laini, zikachanganyika kama rangi kwenye maji. Thelonious Monk hugonga kwa nguvu vibao viwili vilivyopakana, vikasuguana, halafu anakuacha ukingoja. Mkono wake utaujua kwa noti nne au tano tu.

Ukitaka kujipima, mwombe mtu akuchezee rekodi usizozijua za hawahawa, bila kukuonyesha majina, sekunde 20 kila moja. Ukikosea, rudia palepale na usikilize namna noti zinavyoisha, kwani makosa mengi hutokana na kusikiliza mianzo tu.