Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Pawa Saplai ya Chaja ya Betri za Droni

Chaja nyingi za betri za lithiamu wanazotumia wapenzi wa droni, ndege ndogo na magari ya rimoti hazichomekwi moja kwa moja ukutani. Zinahitaji umeme wa DC (wa mkondo mmoja, kama wa betri), mara nyingi kati ya volti 12 na 24, na kifaa kinachoutoa umeme huo kutoka kwenye volti 230 za TANESCO ndicho mafundi wanachokiita pawa saplai. Anayejiandaa kwenda kukitafuta Mwanjelwa au Sido, hapa jijini Mbeya, afanye kazi kubwa akiwa bado nyumbani na kalamu na karatasi, kwa sababu muuzaji atamwuliza anataka ampea ngapi, na asiye na jibu ataondoka na chochote kilichopo mezani.

Kabla ya hesabu yoyote, isomwe lebo ya chaja, sehemu inayotaja umeme unaoingia. Ziko chaja zinazopokea volti 11 hadi 18 tu, na ziko zinazofika volti 30. Kikomo cha juu hakina msamaha. Adapta ya kompyuta mpakato hutoa volti 19 au 19.5, kwa hiyo inaweza kuiunguza chaja ya kundi la kwanza siku ileile inapounganishwa. Nalisisitiza hili kwa kuwa adapta hizo zimejaa kila duka la simu, ni rahisi kupatikana, na plagi yake wakati mwingine huingia bila kikwazo chochote. Lebo hiyo pia isomwe kwa uangalifu inapotaja wati: chaja iliyoandikwa wati 300 mara nyingi huzitoa zote ikipewa volti 24, lakini ikipewa volti 12 hujibana yenyewe, kwa sababu ampea zinazoingia nazo zina kikomo chake.

Sasa hesabu, na ianzie kwenye betri kubwa kuliko zote ambazo mtu anazo kweli, si ile anayoitamani. Chukua betri ya seli 6 yenye uwezo wa mAh 5,000 (yaani ampea-saa, au Ah, 5), inayochajiwa kwa ampea 5. Ikikaribia kujaa, seli zake hufika volti 4.2 kila moja, jumla volti 25.2, zidisha kwa ampea 5, unapata wati 126. Chaja yenyewe hupoteza sehemu ya umeme kama joto, hivyo gawanya kwa 0.85, na pawa saplai italazimika kutoa takribani wati 148, ambazo kwa volti 12 ni zaidi kidogo ya ampea 12. Ongeza theluthi ili kifaa kisifanye kazi kikiwa kimebanwa hadi mwisho, utafika kwenye ampea 16 na ushee, na kwa ukubwa unaopatikana sokoni hiyo maana yake ni pawa saplai ya volti 12 na ampea 20. Mwenye betri za seli 4 za mAh 2,200, zinazochajiwa kwa ampea 2.2, akifuata njia hiyohiyo ataona kuwa ampea 5 zinamtosha, na hana sababu ya kulipia zaidi.

Sokoni atakutana na aina mbili hasa. Ya kwanza ni lile boksi la bati lenye matundu, linalouzwa kwa ajili ya taa za LED na kamera za ulinzi. Ubavuni, ndani ya tundu dogo, mara nyingi kuna swichi ya kuchagua 115 au 230, na lazima isomeke 230 kabla ya kuchomeka, kwani ikiachwa kwenye 115 kifaa huungua papo hapo. Vituo vyake vya skurubu viko wazi, kwa hiyo vifunikwe, na waya wa ethi uungwe bila kuruka. Ya pili ni pawa saplai ya mtumba iliyotolewa kwenye kompyuta ya mezani. Hapa usidanganywe na jumla ya wati zilizoandikwa kwa maandishi makubwa. Tazama mstari wa +12V na ampea zake, maana zile za zamani zilielekeza nguvu nyingi kwenye volti 5 na 3.3, ambazo chaja haizitumii.

Sisi wa nyanda za juu tuna jambo letu la ziada. Hewa nyepesi hupoza vifaa kwa udhaifu, na watengenezaji wengi hupimia bidhaa zao kwa mwinuko usiozidi mita 2,000. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, hakuna tatizo, lakini anayefanyia kazi Kitulo, unakopita mita 2,500, aongeze nafasi katika ampea na asizibe feni.

Umeme ukikatika, betri ya gari ya volti 12 inaweza kushika nafasi. Yenye Ah 70 ina takribani Wh (wati-saa) 840, yaani Ah 70 mara volti 12, lakini itumike nusu tu ili isiharibike. Kiasi hicho kitajaza ile betri ya seli 6 mara tatu hivi. Chaja ipangwe ikate yenyewe betri ya gari inaposhuka hadi karibu volti 11.5.

Waya wa kutoka kwenye pawa saplai hadi kwenye chaja uwe mfupi na wa milimita za mraba 2.5. Wa 0.75, kama ule wa spika, ukiwa na urefu wa mita moja hupoteza karibu volti 0.7 kwa ampea 15, ukapata moto, na chaja ikalalamika kuwa umeme hautoshi.

Mwisho, nenda sokoni na multimita, kile kipimo cha volti na ampea. Pima kifaa kikiwa hakina mzigo, kisha mwombe muuzaji akiunganishe na balbu za taa za mbele za gari. Moja ya wati 55 huvuta karibu ampea 4.5, kwa hiyo tatu zinakaribia mzigo wako halisi. Kikianza kwenye volti 12 na kuporomoka chini ya 11.5 ndani ya dakika chache, kiache mezani.