Mzee mnene alafu miguu haina nguvu? Usianze kwa kumnyima chakula

Mwaka jana tulimpiga mama dayati ya kukomoa. Alikuwa na kilo 92 na presha juu, tukasema apungue kwanza mengine baadae, asubuhi maji ya limao, mchana kabichi na tunda, usiku uji mwepesi basi. Miezi miwili kilo saba zikatoka, sisi tunapongezana kwenye grupu la familia, kumbe mwenzetu hawezi kuinuka chooni, na vile choo chetu cha hapa Chang'ombe, Dodoma, ni cha kuchuchumaa ikabidi awe anasindikizwa kama mtoto. Mafuta yalitoka ndio, ila na misuli iliondoka nayo.

Umri ukienda misuli inapungua yenyewe taratibu na mafuta yanakaa mahali pake, ndio maana unaona mtu bonge unadhani ana nguvu kumbe mapaja ndani hamna kitu. Ukimfungisha njaa bila mazoezi, kama robo ya uzito unaotoka inaweza kuwa sio mafuta. Kuna utafiti wa Marekani wa 2011, watu 107 wa miaka 65 na kuendelea, wote wanene, wakafuatiliwa mwaka mzima: waliopunguza chakula pamoja na mazoezi walipata nguvu za kufanya shughuli kuliko waliofanya kimoja tu, na kilo walizopunguza zilikaribiana na za wale wa dayati peke yake.

Kwahiyo anza kwa kumpima. Chukua kiti cha kawaida, kiegemeze ukutani (cha plastiki kwenye sakafu laini kinateleza, usicheze nacho), akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano haraka anavyoweza, wewe shika saa ya simu. Ikizidi sekunde 15 au akishindwa kabisa, misuli ya miguu ni dhaifu. Mama alitumia 23. Andika hiyo namba ukutani.

Chakula sasa. Ugali sio adui, uwe wa sembe, uwele au mtama, shida yetu ni ule mlima wa ugali na mboga ya kulambia. Sisi wa mlenda ndio kabisa, mlenda unateremsha ugali bila hata kujua umekula kiasi gani, na protini yake ni ndogo, labda utie karanga. Ugali wa mama sasa ni ukubwa wa ngumi yake, basi. Soda hakuna, chai bila sukari, na mafuta ya kula tunapima kwa kijiko sio kumimina kutoka kwenye dumu, maana kijiko kimoja cha mezani kina kalori kama 120.

Ila protini usiguse, hiyo ongeza. Wazee wanashauriwa gramu 1 mpaka 1.2 kwa siku kwa kila kilo ya mwili, sisi tulilenga 85 hivi, na igawanywe milo yote mitatu, sio nyama yote irundikwe usiku. Asubuhi ndio wazee wengi wanaharibu, chai na chapati, protini karibu na hakuna. Mpe mayai mawili na glasi ya mgando, hapo una kama gramu 20. Mchana kikombe cha maharage au kunde ni kama 15, weka na dagaa juu. Perege wa bwawa la Mtera wakipatikana soko la Majengo chukua, ila chemsha, usikaange. Meno hayapo? Saga dagaa uwe unga, nyunyizia kwenye mboga, wala hatogundua. Mwenye shida ya figo asiongeze protini kabla ya kuongea na daktari, hili nasema kwa herufi kubwa.

Mazoezi yote yapo kwenye kile kile kiti. Kusimama na kukaa, mara 8 mpaka 10, apumzike, arudie mizunguko miwili au mitatu. Akianza anaruhusiwa kujisukuma kwa mikono, akizoea mikono kifuani, akizoea zaidi ashike chupa za nusu lita zenye maji, alafu zenye mchanga. Kisha asimame ashike fremu ya mlango apande na kushuka kwa vidole vya miguu, na asukume ukuta kama anafanya pushapu. Marudio mawili ya mwisho ya kila mzunguko lazima yawe magumu kidogo, kama anapiga stori huku anamaliza basi ni mepesi, ongeza. Siku moja anafanya siku moja anapumzika. Kutembea ni asubuhi kabla jua la Dodoma halijachachamaa, dakika 10 tu mwanzoni, mpaka afike 30. Na asimame mguu mmoja pembeni ya ukuta huku anasubiri chai ichemke, hiyo ni ya kuzuia kuanguka.

Asijibane pumzi wakati ananyanyuka, ahesabu kwa sauti. Kifua kikibana au kizunguzungu aache hapo hapo, aende hospitali. Na kama anatumia insulini au vidonge vya sukari mwambieni daktari kabla hamjaanza, chakula kikipungua na mazoezi yakaingia sukari inaweza kushuka vibaya, dozi inabidi iangaliwe upya.

Wiki ya kumi na mbili mama alifika sekunde 14. Mizani ilishuka kilo tatu tu na wala hajali, anachojisifia ni kupanda daladala bila kushikwa mkono, na Jumamosi iliyopita alienda mnadani Msalato mwenyewe akala nyama yake, ugali akaomba nusu.